Masaa Matano Kutoka Maskati

Mtaani kwetu Yombo hakuna aliyemwita kwa jina. Wakubwa walimwita Mpimaji, sisi vijana tulimwita Mzee Mpimaji, na watoto walipomwona anapita walinyamaza kidogo, halafu wakaendelea kucheza.

Kazi yake katika misiba ilikuwa moja. Kabla sisi wachimbaji hatujaondoka kwenda makaburini, yeye aliingia chumba alimolazwa maiti, akatoka na ufito mbichi alioukata kwa urefu wa yule aliyelala. Alitukabidhi ule ufito na kusema maneno mawili tu, "Huyo hapo." Hakusema amekufa kwa nini, wala hakusema alikuwa mtu wa namna gani. Tuliubeba, tukachimba kaburi kwa urefu wake, na tulipomaliza tuliuacha humo humo.

Fundi nguo mmoja wa mtaani aliwahi kumpa tepu yake siku ya msiba, akadhani anasaidia. Mzee aliishika kwa vidole viwili, akamrudishia.

"Hii kesho utampimia bibi harusi. Iondoe hapa."

Kwa watoto wachanga hakukata ufito. Alipima kwa mkono wake mwenyewe. Alitoka chumbani ameshika mkono wake wa kushoto kwa vidole vya kulia, pale ulipoishia urefu wa mtoto, akatembea hivyo hivyo mpaka tulipo bila kuachia. Mtu akimwamkia njiani aliitikia bila kuinua mkono. Niliwahi kumwona anafika hivyo mpaka makaburini kwa miguu, na vidole vyake vilipotoka pale viliacha alama nyeupe kwenye ngozi.

Mtu wa kazi ile hata akiwa kijiweni watu hawamtazami kama wengine. Alikuwa na macho ya polepole, yanaanzia miguuni kwako na kupanda. Siku moja kinyozi wetu alimwambia, "Mzee, usinitazame hivyo bwana, mie bado narefuka."

"Unarefuka nini? Mwaka wa ngapi huu uko palepale."

Tulicheka wote. Kinyozi alicheka kidogo kuliko sisi.

Kabla hajazeeka alikuwa mpakia mizigo uwanja wa ndege, na mtaa wetu uko jirani kiasi kwamba ndege zikishuka watu hukatiza mazungumzo, zikipita huendelea. Kazi yake ilikuwa kulala kifudifudi ndani ya tumbo la ndege na kuvuta mabegi, maboksi, wakati mwingine masanduku ya maiti. Masanduku hayo alisema yanapakiwa na kushushwa kwa utaratibu wa pekee, na abiria walioko juu hawaambiwi. Yeye mwenyewe hakuwahi kusafiri.

"Nimeingia kwenye ndege nyingi kuliko rubani yeyote," alisema, "ila zote zilikuwa zimesimama."

Kutokana na kazi ile dunia nzima aliijua kwa muda. Kwake hakukuwa na kilomita. Mtwara ilikuwa saa moja. Mwanza ilikuwa saa moja na nusu. Johanesbagi masaa matatu na nusu, Bombei karibu sita. Maskati masaa matano na kidogo. Watu wakibishana kwenye kiti cha kinyozi walimwachia yeye aamue.

"Mzee, tuamulie. Kigoma na Maskati, wapi mbali?"

"Unakwenda na nini?"

"Kigoma na basi."

"Basi Kigoma ndiyo mbali."

"Unaona, braza? Nilikwambia!"

"Aa, mzee, hapo hujatenda haki. Huyu umempa basi, yule umempa ndege!"

"Mie nimeulizwa njia inayokwenda watu. Nani kutoka hapa anakwenda Maskati na basi? Mtu anataka kujua mwanawe atafika lini. Kilomita zitamsaidia nini?"

Nilipofika nyumbani nilitafuta kwenye simu. Kutoka Dar mpaka Maskati kwa njia ya angani ni karibu kilomita elfu nne. Kigoma ni elfu moja na kidogo tu. Sikumwonyesha. Mimi si mtu wa kubishana na wakubwa, hata maneno ya kawaida hunitoka kwa shida.

Akina mama ndio waliomfuata zaidi, miaka ile wasichana wa kwetu walipoanza kwenda Omani kufanya kazi za ndani. Mama anakuja, anakaa kwenye ngazi ya baraza yake, anazungukazunguka na habari za jua na maji, mwisho anauliza, "Hivi baba, huko ni mbali sana?"

"Maskati? Masaa matano na kidogo. Wewe ukipanda basi alfajiri kwenda kwenu Masasi, mwanao atakuwa ameshafika, ameoga, amekula. Wewe bado hujaiona Lindi."

Mama anacheka, anaondoka moyo umetua. Alikuwa anasema kweli. Lakini nyumba ambazo wasichana wale walikwenda kufagia hakuzijua, wala hakujua nani angeshika pasipoti zao wakishafika. Hilo hakuna aliyemuuliza.

Alikuwa mkali katika jambo moja, kuchelewesha maiti. Mtu akifa asubuhi yeye alitaka azikwe kabla jua halijazama. Katika kamati ya mazishi ya mtaa wengine walikuwa wanalegea, wanasema tumsubiri kaka yake, tumsubiri mjomba. Yeye alisema, "Aliyekufa hana cha kusubiri." Na wakati mwingine, "Ndege haichelewi. Wanaochelewa ni watu."

Kuna jirani yetu alifariki, mwanawe mkubwa yuko Mwanza. Kijana alipiga simu akilia, akasema amepata nafasi ya ndege ya mchana, anaomba wamsubiri amwone baba yake. Shehe alikuwa tayari kusubiri. Mzee Mpimaji alikuwa ameshatukabidhi ufito.

"Ni saa moja na nusu tu, mzee," shehe alimwambia. "Wewe mwenyewe ndiye unayesema."

"Saa moja na nusu ya ndege. Na kufika uwanjani je? Na foleni? Tunazika adhuhuri."

Tulizika. Kijana alifika makaburini na begi mgongoni, udongo bado mbichi. Alisimama, akamtazama mzee, akasema, "Ulishindwa kunipa saa mbili?" Mzee akamjibu, "Baba yako alikuwa na haraka kuliko wewe." Watu waliguna. Wengine walisema mtu huyu ana roho ya chuma.

Lakini siku zote tatu za matanga hakubanduka pale. Alikaa jamvini ubavuni kwa yule kijana, akamnawisha mikono kila chakula kilipoletwa, akamlazimisha ale kama anavyolazimishwa mtoto. Kijana alikataa kumsemesha mpaka siku ya mwisho. Mzee hakuonekana kujali. Alimnawisha tu.

Nyumbani kwake alikuwa mtu mwingine. Alikuwa na mke na binti mmoja. Binti alikuwa na maneno mengi kama baba yake alivyokuwa na machache, na alimfanyia mzaha hadharani, kitu ambacho hakuna mwingine aliyethubutu. Alipopata kazi Maskati mtaa mzima ulikuja kumuaga. Mama yake alilia tangu asubuhi. Mzee alimwambia mkewe mbele yetu, "Unalia nini? Masaa matano. Utakuwa bado hujamaliza kufua, ameshafika." Binti akadakia, "Baba, usiwaambie hivyo, watanifuata wote!" Tukacheka, gari likaondoka.

Mkataba ulikuwa wa miaka miwili. Ikapita, ikaongezeka mingine. Akipiga simu mzee aliweka sauti ya nje, tukimsikia kutoka barazani.

"Shikamoo baba."

"Marahaba mama. Unakuja lini?"

"Ningekuja, baba, ila pasipoti anayo tajiri. Nikimwomba anasema subiri wageni waondoke. Na wageni wa nyumba hii hawaishi."

"Mwambie ni masaa matano. Unakuja, unatuona, unarudi."

"Nitamwambia, baba."

Ikawa tabia yake, ndege ya Maskati ikipita juu yetu, na aliijua kwa wakati wake, kusema polepole bila kumwambia mtu yeyote, "Hiyo imetoka kwa mwanangu."

Habari ya kifo cha binti ililetwa kwa simu na msichana mwenzake aliyefanya kazi nyumba ya jirani kule. Alisema aliumwa tumbo siku chache, akafa. Baadaye siku hiyo hiyo alipiga mwingine, akasema aliteleza kwenye ngazi. Mzee alisikiliza simu zote mbili bila kuuliza swali. Wanaume tulikuwa tumeshakusanyika nje. Alitoka, akakaa jamvini, akasema jambo ambalo kila mtu alijua atalisema.

"Azikwe huko huko leo. Huko ni nchi ya Kiislamu, watamwosha, watamswalia. Sisi tutamwombea hapa."

Hakuna aliyepinga. Ilikuwa kanuni yake na alikuwa amewahukumu wengine kwayo. Lakini mke wake alitoka ndani, akapita katikati ya wanawake, akaja mpaka upande wa wanaume, jambo ambalo kwa mwanamke yule lilikuwa halijawahi kutokea.

"Wewe bwana," alisema, na sauti haikuwa kubwa, "umepima watoto wa wenzio mtaa mzima. Wa kwako unataka kumpima kwa simu?"

Watu waliinama, kila mmoja akatazama jamvi.

"Aletwe," mzee alisema.

Ndipo tulipojua kwamba masaa matano ni ya walio hai. Ilitakiwa karatasi ya hospitali, halafu ya polisi, halafu ya ubalozi, halafu tajiri asaini, na tajiri alikuwa amesafiri. Kisha nafasi ndani ya ndege. Wiki zikapita. Jamvi lilikunjwa, likatandikwa tena, likakunjwa. Ndege ya Maskati ilipita juu kama kawaida na mzee aliacha kuitolea neno. Yule kijana aliyechelewa kumzika baba yake alikuja siku moja kutoa pole. Alikaa karibu na mzee, akamshika mkono.

"Pole, mzee. Leo tunasubiri wote."

Sikuweza kujua kama alimwonea huruma au alimchoma. Labda yote mawili. Mzee aliitikia, "Ahsante, mwanangu."

Mwishowe ilikuja habari kwamba sanduku limepakiwa. Mzee aliamka kama mtu aliyerudishiwa kazi yake. Alihesabu muda wa ndege, akaongeza wa kushusha mizigo, akatuita wachimbaji asubuhi ili kaburi liwe tayari kabla binti hajafika. Tulikwenda kwake. Tulisimama mbele yake tukingoja ufito, na yeye akasimama mbele yetu hana maiti ya kupima.

Akainua mkono wake wa kulia, akauweka begani kwake mwenyewe, kiganja kikiangalia chini.

"Ananifika hapa," alisema.

Mmoja wetu alisimamisha ufito kando yake, akaukata pale kiganja kilipoishia. Mzee aliupokea, akautazama, akaturudishia. Safari hii hakusema huyo hapo.

Tulichimba kaburi zuri. Udongo wa makaburi yetu una mchanga, huporomoka usipokuwa mwangalifu, na sisi tulikuwa waangalifu. Tulichimba na mwanandani, lile shimo la ndani la ubavuni analolazwa maiti akiwa na sanda yake tu, tukalilinganisha na ufito mara kwa mara. Hakuna hata mmoja wetu aliyekumbuka sanduku. Naye, aliyeshusha masanduku ya namna ile maisha yake yote, hakulikumbuka. Alikuwa ametupatia urefu wa binti aliyemuaga miaka minne nyuma.

Ndege ilifika kwa wakati wake. Kutolewa kwa sanduku kulichukua mpaka alasiri, karatasi moja ilikuwa na jina lililoandikwa tofauti. Nyumbani wanawake walikuwa wamefagia chumba, wamefukiza udi, mama yake amekaa mlangoni anangoja mwanawe aingizwe ndani japo kidogo, amtazame uso kabla hajapelekwa. Kwetu hakuna maiti anayekwenda kaburini bila kupita kwao kwanza. Dereva wa kenta lililobeba sanduku alitusimulia baadaye. Walipofika njia panda ya mtaani yeye alikuwa ameshawasha taa ya kukata kona, mzee aliyekaa pembeni yake akamgusa mkono.

"Nenda moja kwa moja. Makaburini."

"Mzee, mama yake je?"

"Jua linakwenda. Twende."

Walipolishusha tuliona wote kwa pamoja. Lilikuwa sanduku la mbao nene, refu, pana, limepigwa misumari na kuzungushiwa ukanda wa bati, lina karatasi ya maandishi ya Kiarabu juu. Lilizidi kaburi letu kwa urefu na kwa upana. Kwenye mwanandani tuliouchimba kwa uangalifu hata nusu yake isingeingia.

Shehe aliisoma ile karatasi. "Inasema ameshaoshwa na kuvishwa sanda. Hilo ni jema. Basi tulifungue, tumtoe, tumlaze kwenye mwanandani wake. Umechimbwa kwa ajili yake, utamtosha. Na wewe baba yake umwone."

Mzee alikuwa amesimama kwenye kifusi. Alilitazama sanduku kwa macho yake yale ya polepole, kutoka upande wa miguu mpaka upande wa kichwa.

"Hatufungui."

"Ni ruhusa, mzee. Si dhambi."

"Nasema hatufungui. Amechelewa vya kutosha. Chimbeni."

Tulirudi ndani, tukaubomoa mwanandani kwa majembe yetu wenyewe, tukaongeza huku na huku, mchanga ukiporomoka. Binti yake alikaa pembeni juu ya nyasi anasubiri, yeye ambaye baba yake hakuwahi kumwacha maiti wa mtu yeyote asubiri. Walipolishusha tulikuwa watatu chini tukilipokea kwa mikono. Tulifukia jua likiwa jekundu.

Tuliporudi mama yake alikuwa bado amekaa mlangoni. Alikuwa ameshaambiwa. Aliwatazama wanaume mmoja mmoja wakiingia uani.

"Nani kamwona?" aliuliza.

Tuliweka majembe chini.

"Hata mmoja? Hata baba yake?"

Mzee alivua viatu, akaviweka vizuri pembeni ya ukuta.

"Basi mmezika sanduku," mama alisema.

Hakulirudia neno hilo na hakugombana. Baada ya arobaini alifunga nguo zake, akarudi kwao Lindi. Watu walisema atarejea, lakini hakurejea. Mzee naye aliacha kupima. Msiba wa kwanza baada ya ule tulikwenda kumwita, akasema kwa upole, "Tafuteni mwingine." Siku hizi mjumbe wa mtaa anapima kwa tepu, anatuandikia namba kwenye simu. Kazi inakwenda, hakuna tatizo. Mtaani wako waliomhurumia na wako waliosema kimempata alichowafanyia wenzake. Kijiweni kwa kinyozi bado vijana wanabishana kuhusu miji, na yeye akiwa amekaa pale hawamuulizi.

Mara ya mwisho kuzungumza naye ilikuwa Shaabani iliyopita, siku zile watu wanapokwenda kusafisha makaburi kabla ya Ramadhani. Nilikwenda kwenye kaburi la baba yangu, ambaye mzee ndiye aliyempima. Nikamkuta mzee amepiga magoti kwenye kaburi la binti yake, anang'oa majani. Amekonda. Kaburi lile linaonekana mpaka leo kuwa kubwa kuliko yaliyo jirani.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Hujambo?"

"Sijambo."

Nilitaka kuendelea na njia yangu. Akaniita.

"Kijana. Wewe ulikuwa chini siku ile."

"Ndiyo, mzee."

"Mlilipokea kwa mikono."

"Ndiyo."

Aling'oa shina moja, akakung'uta mchanga kwenye mizizi. "Watu wanasema niliharakisha. Waache waseme. Niliambiwa tumbo, nikaambiwa ngazi. Ningefungua, ningejua ni lipi. Na kama mle ndani si yeye, ningejua na hilo pia." Akatupa lile shina. "Mie sikuligusa. Maisha yangu yote nimeshika ya watu, hilo sikuligusa. Lilikuwa zito?"

Nilikumbuka mikono yangu ilivyokuwa, na mwenzangu aliyeteleza, na jinsi kona ya sanduku ilivyonikwaruza kifua.

"Zito, mzee. Tulikuwa watatu na tulitetemeka."

"Zito kama kuna mtu?"

"Kama kuna mtu."

Alinitazama, safari hii usoni tu. Halafu akatikisa kichwa kidogo.

"Mbao zile peke yake ni nzito," alisema. "Na lile bati. Mie nimebeba mengi, matupu na yaliyojaa. Watu watatu hamuwezi kujua."

Nilisimama na fagio langu mkononi. Mzee alirudi kwenye majani yake, akang'oa mpaka upande wa miguu, kisha akazungumza bila kuinua uso.

"Lakini mama yake nitampigia leo. Nitamwambia mmoja wa walioshika amesema lilikuwa zito."